Kengele ya Chumba cha Sita

Jina la Mama Kimya hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wagonjwa wa kituo cha afya, na walikuwa na sababu. Ukienda kwake na jipu, alikutazama, akakuonyesha kiti kwa kidevu, akaligusa jipu kwa kidole kimoja, na kabla hujamaliza kusimulia lilianzaje, lilikuwa limeshapasuliwa, limesafishwa na kufungwa bandeji. Unabaki na hadithi yako mdomoni. Mikono ya mama yule ilikuwa na akili za kutosha watu watatu. Kinywa chake ndicho kilichokuwa likizo.

Miaka kumi na sita alikuwa mhudumu wa kawaida, wa kubeba trei na kuita namba za kadi dirishani. Alipofika miaka arobaini na sita, wakati wenzake wameanza kuota kustaafu, akarudi chuoni. Alikaa darasani na watoto wa rika la binti yake, akasoma miaka mitatu, akatoka na stashahada ya utabibu msaidizi. Tabibu msaidizi, kwa asiyejua, ni mtu anayepima wagonjwa, anayeandika dawa na kushona vidonda, ilimradi nyuma yake yupo daktari anayemsimamia na kutia sahihi. Kazi hiyo Mama Kimya aliitamani tangu enzi za trei, na sasa alikuwa akiifanya kwa kibali cha muda. Kibali chake kilikuwa kinaisha Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, ama awe na leseni, ama nafasi yake apewe mwingine na yeye arudi dirishani kuita namba.

Na leseni yenyewe, jamani, ina mlolongo. Baraza linalotoa leseni lilitaka cheti cha chuo, chenyewe na nakala yenye muhuri. Lilitaka cheti cha polisi cha tabia njema. Lilitaka picha mbili zenye rangi ya buluu kwa nyuma, na Mama Kimya alipopeleka za nyeupe, karani alizirudisha kwa ncha za vidole viwili kana kwamba zina upele. Kulikuwa na barua ya daktari msimamizi, na daftari la kazi lenye matibabu mia mbili, kila moja na sahihi ya daktari huyo, na kuna wiki nzima alimfukuzia sahihi hizo mpaka kwenye maegesho ya magari. Kulikuwa na mtihani wa kuandika, ambao aliufaulu kwa alama nzuri hivi kwamba binti yake alizitangaza mtaa mzima. Hayo yote aliyamaliza. Kilichobaki ni mtihani wa vitendo, na huo alikuwa ameshaanguka mara moja.

Tena alianguka vibaya. Mtihani wenyewe una vyumba sita. Kila chumba kina mtu anayeigiza mgonjwa na mtahini mwenye karatasi ya alama. Unapewa dakika kumi, kengele inalia, unahamia kingine. Mama Kimya alipita vyumba vyote, akagundua kila ugonjwa uliotakiwa kugunduliwa, na hakutoa sauti. Barua ya matokeo ilikuwa fupi: asilimia arobaini na moja. Chini yake mtu aliandika kwa kalamu, "Mtahiniwa hakusema anachofanya. Kisichosemwa hakihesabiwi." Siku hiyo alilia bafuni, bomba likiwa wazi ili mume wake asisikie. Mume alisikia.

Mume huyo mtaani walimwita Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari. Alikuwa mlinzi wa benki kwa miaka ishirini na sita, sasa amestaafu. Na kwake yeye zamu ilikuwa zamu. Akiwa pale mlangoni hakumjua mtu. Kuna siku, miaka mingi nyuma, Mama Kimya alikwenda benki ile, binti yao mchanga mgongoni, kafungiwa nje ya nyumba na funguo anazo mume. Afande akamtazama usoni bila kupepesa macho.

"Mama, kitambulisho."

"Wewe! Mimi si mkeo?"

"Kitambulisho, mama. Na foleni inaanzia kule."

Akapanga foleni. Ilipofika zamu yake akakitoa, na bwana yule akakigeuza mbele na nyuma, akasoma taratibu jina alilokuwa akilijua tangu ujana wake, akamrudishia na kusema, "Pita, mama." Jioni alipovua sare aliomba msamaha mpaka chai ikapoa. Lakini alipoulizwa kama kesho angefanya tena vilevile, alifikiri kidogo, kwa sababu si mtu wa kusema uongo, akajibu, "Nikiwa zamu? Ndiyo." Mama Kimya alinuna wiki nzima, kisha akaanza kulisimulia kama kichekesho, na hivyo ndivyo lilivyobaki.

Baada ya ile asilimia arobaini na moja, daktari msimamizi alimwita ofisini. Alikuwa kijana ambaye Mama Kimya angeweza kumzaa, mwenye adabu na viatu vinavyolia.

"Mama, wewe shida yako si kutibu," alisema. "Shida yako unatibu kimoyomoyo. Tafuta mtu nyumbani alale, umpime huku unasema kila kitu. Hata 'nanawa mikono' useme."

"Daktari, si ananiona nanawa?"

"Mtahini hana macho, mama. Ana masikio na kalamu."

Afande alijitolea kabla hajaombwa. Walisogeza meza ya sebuleni, akajilaza kwenye benchi, mikono kifuani, akatoa masharti yake. "Sitasema na sitatikisika mpaka nisikie sauti. Ukifanya jambo bila kulisema, mimi nimekufa."

Siku ya kwanza alikufa mara kumi na moja. Mama Kimya alikuwa akimshika mkono kupima mapigo ya moyo, kimya, na Afande analegea shingo, ulimi nje. "Fufuka, baba, bado sijamaliza," na Afande hafufuki mpaka mke aseme, kwa sauti ya kunong'ona kama anayeungama, "Na... napima mapigo ya moyo." Binti yao, aliyekuwa akifua nyuma ya nyumba, alikaa chini kwenye mapovu kwa kicheko.

Miezi mitatu walifanya hivyo, kila siku alasiri. Afande akanogewa. Ikawa haitoshi kuwa mgonjwa tu, akataka kuwa mtu. Leo ni mwalimu wa jiografia mwenye mawe kwenye figo, kesho mjane aliyefunga mtandio wa mkewe kichwani na kulalamikia kipandauso na wakwe kwa mpigo mmoja. Alipokuwa fundi bomba mwenye vidonda vya tumbo alipiga kelele za kweli kiasi kwamba jirani wa ukuta mmoja alikuja mbio, birika la chai mkononi, kumpa mama pole kwa yatakayotokea. Alimkuta marehemu mtarajiwa anaomba sukari.

Na kimyakimya, kama inavyosemwa, kinywa kikarudi kazini. Mama Kimya alianza kusema kituoni, akasema barabarani, akaanza kusema jikoni. "Nafungua kabati. Natoa kikombe. Nakikagua kama kina ufa."

"Mama, sasa umezidi," binti akamwambia.

Siku walipopeleka fomu ya kurudia mtihani, Afande alimsindikiza. Getini kwa Baraza palikuwa na tangazo: wanatafutwa watu wazima wa kuigiza wagonjwa, wawe na kumbukumbu nzuri na uvumilivu wa kushikwashikwa. Afande alilisoma, mikono nyuma, akalisoma tena.

"Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kulala!" Mama Kimya akacheka.

"Mm," alisema Afande.

Tangu siku hiyo, kila Jumanne, Afande akawa ananyoosha shati na kwenda kikaoni. Kikao gani? Cha wastaafu. Wastaafu wana nini cha kujadili kila Jumanne? Mambo mengi, mke wangu. Alirudi akiwa mchangamfu, anatembea kwa kujifinya kiuno kama mtu anayefanya mazoezi ya maumivu, na Mama Kimya, ambaye angeweza kuona homa ya manjano kutoka upande wa pili wa barabara, hakuona kitu. Akili yake yote ilikuwa kwenye Jumatano ya mtihani.

Jumanne, siku moja kabla, Afande aliondoka asubuhi na mapema. Saa nne simu ya Mama Kimya ikatoa mlio. Ujumbe wa Baraza: kesho jengo halitakuwa na umeme, watahiniwa wote wa Jumatano wafike leo saa nane mchana bila kukosa.

Roho ilimruka. Akampigia Afande, simu imezimwa. Akapiga tena, imezimwa. Alipiga mara saba huku akivaa sketi, na mara ya saba akaisema simu maneno ambayo si ya kuandikwa hapa. Miezi mitatu mtu anakufa kila siku kwa ajili yako, halafu siku yenyewe ikifika hayupo hata akutakie heri! Aliona uchungu wa kweli, na alitoka nao. "Nafunga mlango," alisema peke yake, kwa mazoea. "Nageuza ufunguo. Na wewe Afande tutaonana jioni."

Ukumbini kwa Baraza karani aliwasomea kanuni, kengele ndogo ya shaba ikiwa mezani mbele yake. Simu zote, za watahiniwa na za wagonjwa, zinakaa getini. Usile chumbani. Usimuulize mtahini alama zako. "Na ukimkuta mgonjwa unayemfahamu," akasoma, "sema kabla hujamgusa. Ukinyamaza, mtihani wako wote unafutwa na hurudi hapa kwa miaka miwili."

"Na tukisema?" mtahiniwa mmoja akauliza.

"Anatafutwa mgonjwa mwingine. Akikosekana, unasubiri awamu ijayo, miezi sita."

Mama Kimya alipangwa wa mwisho kabisa. Alijikaza, akaingia chumba cha kwanza, na kumbe mambo ni mepesi hivyo! "Nanawa mikono. Mimi ni tabibu msaidizi, nitakupima, unaniruhusu?" Kalamu ya mtahini ikawa inakwenda. Chumba cha pili mama mwenye kisukari, cha tatu kijana mwenye mguu uliovimba, na kila alipofungua kinywa alimwona Afande akifumbua jicho moja kwenye benchi. Alitoka chumba cha tano akijua, kama mpishi anavyojua chungu kimeiva bila kufunua, kwamba anafaulu. Kimebaki kimoja.

Mlangoni kwa chumba cha sita palikuwa na karatasi: "Mwanamume wa miaka arobaini, dereva wa trekta, anaumwa tumbo tangu jana." Kengele ikalia. Akasukuma mlango.

Dereva wa trekta alikuwa amelala chali, mkono tumboni, anagugumia. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri. Kifungo cha tatu kilishonwa kwa uzi wa kijani, kwa sababu Jumapili uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Mama Kimya alikijua kifungo kabla ya kuujua uso.

Afande naye alimwona, na hakuwa amemtarajia: zamu yake ilikuwa ya Jumanne, mtihani wa mkewe wa Jumatano. Kitu kikapita machoni pake, kifupi kama kupepesa, kisha kikafungwa. "Nakufa, dada," akasema kwa sauti ya mtu mwingine kabisa. "Tumbo."

Mtahini, daktari kijana mwenye tai nyekundu, aliinua kalamu akasubiri.

Hapo naomba tumwelewe mama huyu. Tumbo lile alilijua kuliko alivyojua jikoni kwake. Alama za chumba hiki zilikuwa zimelala pale zinamsubiri aziokote. Na nani angejua? Mtahini hawajui. Afande ni mtu wa zamu, hasemi hata ukimchoma sindano. Ilikuwa ni kunyamaza tu, jambo moja, na kunyamaza ndiko alikokuweza kuliko mtu yeyote. Akisema, pengine hakuna mgonjwa mwingine, miezi sita, Ijumaa kibali kinakwisha, dirishani, namba ishirini na tatu, namba ishirini na nne. Alisimama karibu na beseni, maji yanamtiririka vidoleni, na kwa mara ya kwanza mchana ule hakusema kwamba ananawa.

Kisha akafunga bomba.

"Mtahini," alisema. "Namfahamu mgonjwa huyu. Ni mume wangu."

Kalamu ikashuka. Mtahini akamgeukia mgonjwa. "Mzee, ni kweli?"

"Dada huyu kanifananisha," Afande alijibu, akigugumia. "Mimi sijaoa. Nani atakubali kuolewa na mtu wa trekta, halali nyumbani?"

Macho yalimtoka Mama Kimya pima. "Afande!"

"Afande ndiye nani, dada?"

Daktari wa tai nyekundu alitazama huyu, akatazama yule, na usoni kwake ilionekana wazi anafikiri mtahiniwa kaishiwa na anatafuta njia ya kutokea. Akafungua mlango akamwita karani, na karani akaja na daktari mkuu wa mtihani, mama wa miaka sitini hivi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Unadai huyu ni mumeo," daktari mkuu alisema, "naye anasema hajaoa. Mmoja wenu ana matatizo. Thibitisha."

"Bila kumgusa?"

"Nitagusa mimi."

Mama Kimya akavuta pumzi. "Kifungo cha tatu cha shati kimeshonwa kwa uzi wa kijani. Nilikishona mimi juzi."

Daktari mkuu akavaa miwani, akainama. "Ni kijani."

"Nilinunua mtumba," alisema dereva wa trekta.

"Goti lake la kushoto hulia mara mbili likikunjwa. Si mara moja. Mbili."

Daktari mkuu akalikunja goti. Likalia, ka, kisha, baada ya kusita kidogo, ka.

"Klachi ya trekta, daktari. Nzito sana ile."

Karani alikuwa ameanza kuuma kidole asicheke. Mama Kimya akasogea hatua moja, akakunja mikono. "Basi, daktari, mguse chini ya mbavu za kushoto. Taratibu, kwa kidole kimoja. Mume wangu ana mtekenyo hapo, na hajawahi kuushinda tangu nimfahamu."

Uso wa Afande ukaingiwa na hofu halisi, ya kwanza siku hiyo. Kidole cha daktari mkuu kikashuka. Afande akakaza taya. Akatazama dari. Mishipa ikamsimama shingoni, masikio yakambadilika rangi, machozi yakaanza kumlengalenga, na kisha kikamtoka kicheko kama mlio wa mbuzi, kirefu, miguu hewani, mpaka shuka likaanguka.

"Hapo, daktari!" alipiga kelele katikati ya kicheko. "Hapo hapo ndipo penye maumivu!"

Karani alitoka nje mbio. Daktari wa tai nyekundu alijigeuza ukutani, mabega yanamtikisika. Daktari mkuu peke yake hakucheka. Alimwinamia Afande, uso kwa uso.

"Mzee. Nakuuliza mimi niliyekuajiri. Huyu ni mke wako?"

Afande alimeza mate. Alimtazama mkewe, na mama yule aliona jinsi alivyokuwa akiteseka, masikini, kuliko fundi bomba na mwalimu wa jiografia kwa pamoja.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "tuliapa. Mlisema tusitoke kwenye nafasi zetu mpaka kengele. Kengele haijalia."

Hapo ndipo daktari mkuu aliposhindwa. Alicheka hadi miwani ikamtoka puani, akakaa kwenye kiti cha mtahini, akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Umesema ukweli, mama," akamwambia Mama Kimya, "na kanuni inasema mgonjwa abadilishwe. Karani! Yule mgonjwa wa akiba yuko wapi?"

"Amekwenda nyumbani, daktari," karani alijibu kutoka ukumbini. "Alikuwa anaumwa tumbo. Kweli."

Kicheko kikakatika. Mama Kimya akahesabu siku vidoleni. Ijumaa ilikuwa baada ya siku tatu.

Daktari mkuu aliitazama karatasi ya kisa, akaigeuza. "Mgonjwa anatakiwa awe mtu mzima anayekijua kisa hiki," alisema polepole, kama anayejisomea. "Kisa hiki nimekiandika mimi." Akavua miwani. Akavua koti jeupe, akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kitanda. "Mzee, shuka. Kaa kwenye benchi nje. Na wewe," akamwambia daktari wa tai nyekundu, "shika kalamu, tazama saa yako, dakika kumi. Usinionee huruma, wala yeye usimwonee."

Akapanda kitandani, akalala chali, akaweka mkono tumboni. "Mimi ni dereva wa trekta," alisema mama yule wa miaka sitini, na hakuna aliyecheka.

Mama Kimya akarudi kwenye beseni. Akafungua maji. Na ile hali ya zamani ikamrudia yote kwa pamoja. Kumpima daktari mkuu mwenyewe, mtu ambaye sahihi yake ndiyo iko chini ya kila leseni! Alinawa, akakausha mikono, akageuka, na bado hakuwa ametoa neno. Kalamu ya mtahini ilikuwa imesimama.

Daktari mkuu alilala kimya, macho dari, hatikisiki. Alikuwa amelala kama Afande kule nyumbani, kama mtu anayesubiri kufufuliwa. Mama Kimya aliliona benchi la sebuleni.

"Nimenawa mikono," alisema. Sauti ilitoka na mikwaruzo, lakini ilitoka. "Mimi ni tabibu msaidizi. Pole na maumivu, baba. Nitakupima tumbo, unaniruhusu?"

"Ruhusa unayo, dada."

Baada ya hapo hakushikika. Aliuliza yalipoanza na yanakoelekea, alisema anatazama, anasikiliza, anabonyeza mbali na penye maumivu kwanza, alisema anachofikiri na anachokiogopa, na lini angemwita daktari wake msimamizi. Alipofika miguuni akaona nyayo za mama yule ziko wazi. Akaokota shuka. "Nakufunika miguu," alisema. "Chumba hiki kina baridi."

"Dakika kumi," alisema daktari wa tai nyekundu.

Daktari mkuu alikaa kitandani, miguu yake ikiwa bado imefunikwa. "Hilo la miguu halimo kwenye karatasi ya alama," alisema. "Mwaka wa kumi na moja naendesha mtihani huu. Ni mimi niliyeandika karatasi ile, na sikukumbuka kuliweka." Akachukua karatasi zote sita, akazijumlisha pale pale kwa penseli, akamwambia daktari wa tai nyekundu ahakikishe, akamwita karani alete fomu ya matokeo. Akatia sahihi, akagonga muhuri. "Asilimia themanini na nane. Leseni utaichukua Alhamisi. Usilete picha za nyeupe."

Mama Kimya alitoka pale na karatasi mkononi, furaha imemjaa kifuani hadi inauma, na alitaka kumwambia mtu mmoja tu duniani.

Mtu huyo alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkono tumboni.

"Mume wangu! Nimefaulu!"

Uso wa Afande ulitetemeka. Midomo ikafunguka, ikafunga. "Hongera sana, dada," alisema kwa shida. "Mimi nasubiri kuhudumiwa."

"Afande, mtihani umekwisha! Watu wameshakwenda!"

"Kengele, dada," akanong'ona, macho yamejaa maji. "Bado kengele."

Ni kweli. Dakika kumi zile zilipimwa kwa saa ya mkononi. Kengele ya kumaliza chumba cha sita haikuwahi kulia. Mama Kimya alimtazama mwanamume yule, aliyekufa mara elfu kwenye benchi lao ili yeye apate sauti, na hasira ya simu iliyozimwa ikamwisha yote. Akatembea hadi mezani kwa karani.

"Mama, hiyo ni ya ofisi!" alisema karani.

"Napiga kengele," alisema Mama Kimya, akaipiga.

Afande alisimama kabla mlio haujaisha. Mkono ulimtoka tumboni, mgongo ukanyooka, akaenda kusimama mlangoni kwa ukumbi, na hapo akawa yule yule wa benki, miaka ishirini na sita. Mama Kimya alielewa. Alimnyooshea ile karatasi. Afande aliipokea kwa mikono miwili. Aliisoma mbele, taratibu, jina lile alilolijua tangu ujana wake. Akaigeuza, akasoma na nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Akamrudishia.

"Pita, tabibu," alisema, na sauti ikamkatikia kwenye neno la mwisho. Akasogea pembeni kumpisha.

Mama Kimya hakupita. Akamshika mkono, na akasema kwa sauti, karani na madaktari wote wasikie:

"Namshika mume wangu mkono. Tunakwenda nyumbani."